Kidonda Kinachofichwa: Maneno juu ya Kansa ya Uume

Maneno haya yalisemwa na kamati ya afya katika mkutano wa wanachama hapa Dilala. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu.



Leo tunaomba mtuvumilie, kwa sababu tutataja sehemu ya mwili ambayo kwetu haitajwi mbele ya mkwe. Katika kamati tulijiuliza zaidi ya mara moja kama inafaa. Mzee mmoja akatukata maneno: "Kaburi tunachimba mbele ya bantu bote. Sasa magonjwa, kwa nini tuseme mu kificho?" Tukanyamaza, halafu tukakubali. Basi tutasema uume, tutasema kansa, ile wengi wetu huita kansere, na hatutazunguka.

Mnamkumbuka ndugu yetu tuliyemzika kabla ya mvua kuanza. Jina lake hatutalitaja. Familia yake imeturuhusu kueleza yaliyompata, ili yasimpate mwingine. Kwenye kilio tuliambiwa kwamba amekufa kwa magonjwa ya tumbo. Haikuwa tumbo. Ilianza na kidonda kidogo kwenye kichwa cha uume, chini ya govi. Hakikumuuma. Alikaa nacho mwaka mmoja na miezi miwili bila kumwambia mtu. Alinunua kapsuli barabarani, akidhani ni kaswende. Alienda mahali pamoja pa matibabu akapigwa sindano bila hata kuombwa avue suruali. Mtu mwingine akampa unga wa mizizi wa kupaka. Kidonda kikafura, kikawa kama kichwa cha shu. Harufu ikaja. Akaanza kulala peke yake, na bibi yake akafikiri ameoa mwanamke mwingine. Siku tulipojua ukweli, matezi ya kinena yalikuwa yamekwisha kupasuka.

Chama chetu kilitoa sanduku, gari na chakula cha kilio. Tulitoa vizuri, hakuna aliyelalamika. Lakini alipokuwa mzima anatembea, hatukutoa hata franka moja kwa ajili ya kipimo. Hilo ndilo linalotuuma, na ndilo lililotuleta mbele yenu leo.

Ni kansa gani hii?

Ni kansa inayoanza kwenye ngozi ya uume, mara nyingi kwenye kichwa chake au upande wa ndani wa govi. Katika wagonjwa 100, karibu 95 wana aina hiyo moja ya ngozi. Mtu hakulogwa, wala si adhabu ya Mungu. Chembe za ngozi zimeharibika, zinazaa bila mpango, zinakula nyama ya jirani yake, na baada ya muda zinasafiri.

Duniani si ugonjwa wa kila siku. Kwa mwaka 2020 wataalamu walikadiria wagonjwa wapya karibu 36,000 ulimwenguni kote, na vifo karibu 13,000. Lakini wagonjwa hao hawakugawanyika sawasawa. Ulaya na Marekani wako wachache sana. Kwenye sehemu za Afrika, Amerika ya Kusini na India wako wengi zaidi.

"Haiko ya kwetu"

Tulipoanza kuuliza watu, jibu lilikuwa moja: "Ile magonjwa haiko ya kwetu, sisi tunatahiriwa." Ni kweli kwamba hapa Kongo karibu wanaume wote wanatahiriwa. Wandugu zetu Balunda, Batshokwe na Baluvale wana mukanda tangu zamani. Na ni kweli kwamba mtu aliyetahiriwa akiwa mtoto ana hatari ndogo sana ya kupata kansa hii.

Mfano mkubwa uko Uganda. Miaka ya 1960 kansa ya uume ilikuwa kati ya kansa zilizoonekana sana kwa wanaume wa nchi ile. Mwaka 1966 mpasuaji wa Uganda, Sebastian Kyalwazi, aliandika katika jarida la waganga la Afrika Mashariki juu ya wagonjwa 153 waliopokelewa kwenye hospitali ya Mulago, Kampala. Fikirini, watu 153 wenye ugonjwa ambao kila mmoja alifikiri uko kwake peke yake. Waganga walipoangalia ramani ya Uganda waliona kwamba ugonjwa haukuwa sawa kila mahali. Kule ambako vijana wanatahiriwa, kama kwa Bagisu wa mlima Elgon na kwa Waislamu, ulikuwa nadra. Kule ambako hawatahiri, ulikuwa mwingi.

Sasa tujiangalie sisi wenyewe. Sisi ni chama cha watu waliorudi. Wengi wetu tulikaa Zambia miaka mingi, na watoto wetu wa kiume walizaliwa kule. Zambia, ukiondoa upande wa kaskazini-magharibi ambako mukanda upo, makabila mengi hayakuwa na desturi ya kutahiri. Kambini mtu alitafuta kwanza chakula na plastiki ya kufunika nyumba. Kutahiri mtoto kulisubiri, kukasubiri tena, mpaka mtoto akaota ndevu. Tukarudi naye Dilala, na hapa anaona haya kuoga mbele ya wenzake, sembuse kwenda kusema kwa munganga kwamba govi lake halifunguki. Ndugu yetu tuliyemzika alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo tusiseme tena kwamba haiko ya kwetu. Katika chama hiki, ni ya kwetu.

Nini kinaongeza hatari?

Kwanza, govi lisilofunguka. Hili ni kubwa kuliko yote. Mwanaume mzima ambaye hawezi kurudisha govi nyuma hawezi kuosha chini yake, na hawezi kuona kinachoota pale. Uchafu mweupe unakusanyika, ngozi inawasha na kuvimba mwaka hadi mwaka, na kuvimba huko ndiko kunakoharibu chembe. Bamama, sikieni vizuri: mtoto mdogo govi lake halifunguki kwa kawaida, na hilo si ugonjwa. Musilivute kwa nguvu, mtamuumiza na kumtia makovu. Tunasema juu ya kijana mkubwa na mwanaume.

Pili, virusi vya papiloma, ambavyo waganga huviita HPV. Vinapita kwa kulala na mtu. Karibu nusu ya kansa za uume zina virusi hivi ndani yake. Ni virusi hivyo hivyo vinavyoleta kansa ya mlango wa kizazi kwa wanawake. Maana yake, ugonjwa huu hauwahusu wanaume tu. Bwana akionekana na kidonda cha namna hii, bibi naye apimwe mlango wa kizazi, bila kumtafuta nani alianza. Uganda, Tanzania, Kenya na Zambia zimekwisha kuingiza chanjo ya HPV kwa wasichana wadogo. Wenye watoto waliobaki upande ule wawaulize kama wamepata.

Tatu, tumbako. Wengi hawaamini, wanadhani moshi unaishia kwenye mapafu. Sumu ya tumbako inaingia damuni na kufika kila mahali, na anayevuta ana hatari kubwa kuliko asiyevuta.

Nne, virusi vya SIDA. Mwili ambao askari wake wamepungua unashindwa kuzifukuza HPV. Anayekunywa dawa zake kila siku anajilinda pia upande huu.

Tano, magonjwa ya ngozi ya muda mrefu pale mahali: mabaka meupe magumu, uvimbe unaorudi kila mara, masundosundo. Na waliotahiriwa wasilale usingizi. Kansa imewahi kuonekana hata juu ya kovu la tohara. Hatari yao ni ndogo, lakini haikuondoka yote.

Mtatuuliza: je, mtu mzima akitahiriwa leo, amepona hatari? Tuseme ukweli. Kinga kubwa juu ya kansa hii inatoka kwa tohara ya utotoni. Ukitahiriwa ukiwa mzima hupati kinga ile yote. Lakini unapata faida nyingine. Govi lisilofunguka linaondoka, unaweza kuosha, unaweza kuona. Na utafiti uliofanywa Kisumu, Rakai na Afrika Kusini ulionyesha kwamba tohara inapunguza kwa karibu asilimia 60 hatari ya mwanaume kupata virusi vya SIDA kutoka kwa mwanamke. Ndiyo maana mwaka 2007 Shirika la Afrika la Dunia, tuseme vizuri, Shirika la Afya la Dunia, likaishauri Afrika ya mashariki na kusini kutahiri kwa njia ya hospitali.

Dalili za kuangalia

Kidonda kisichopona kwa wiki tatu au nne. Kinundu au ngozi inayokuwa nene. Baka jekundu lisiloondoka. Damu au maji yenye harufu yakitoka chini ya govi. Govi lililokuwa linafunguka na sasa limekaza. Uvimbe kwenye kinena.

Tunarudia: mara nyingi hakiumi. Kwa sababu hakiumi, mtu anasema, "Nitangoja kidogo." Kaswende pia huleta kidonda kisichouma, na kaswende inatibiwa kwa sindano. Kwa hiyo si kila kidonda ni kansa. Vingi si kansa. Lakini hakuna munganga wala muuza dawa anayeweza kujua kwa macho tu. Kidonda kilichopewa dawa na hakikupona, lazima kikatwe kipande kidogo, kipande kile kiangaliwe kwa hadubini. Hicho ndicho kipimo. Anayetaka kukutibu mwezi wa pili na wa tatu bila kukitaja, mwombe wewe mwenyewe.

Mtu anapona?

Inategemea jambo moja kuliko mengine yote: kama ugonjwa umefika kwenye matezi ya kinena. Kansa hii haina haraka ya kuruka mbali. Inapita njia yake, kwanza kinena cha kuume na cha kushoto, halafu matezi ya ndani ya nyonga, halafu mapafu na ini. Kwa hiyo inatupa nafasi, na sisi tunaipoteza.

Hesabu za Marekani, ambako mashine zote ziko, zinasema hivi. Kama kansa haijatoka kwenye uume, wagonjwa kama 8 kati ya 10 wanakuwa hai baada ya miaka mitano. Kama imefika kwenye matezi ya jirani, ni kama 5 kati ya 10. Kama imefika viungo vya mbali, ni kama 1 kati ya 10. Ugonjwa ni ule ule. Kilichobadilika ni siku ambayo mtu alivua suruali mbele ya munganga.

Matibabu

Hapa ndipo wanaume wengi wanapokimbia, kwa sababu wanawaza jambo moja tu, kwamba watakatwa chote. Sikieni kwanza.

Kama ugonjwa uko juujuu ya ngozi na haujazama, kuna dawa ya kupaka, na kuna mahali wanakochoma kwa mwanga wa leza. Kama uko kwenye govi tu, mara nyingine kutahiri na kuondoa ile sehemu kunatosha. Kama uko kwenye kichwa cha uume, wanaweza kuondoa kichwa peke yake na kufunika kwa ngozi. Zamani wapasuaji walikata sentimita mbili za nyama nzima kupita ugonjwa. Siku hizi imeonekana kwamba milimita chache zinaweza kutosha, na mtu anabaki na urefu wake.

Kama umezama zaidi, wanakata sehemu ya uume. Aliyebaki na urefu wa kutosha anakojoa akisimama, na wengi wanaendelea na maisha ya ndoa. Kama umekula mpaka kwenye shina, wanaondoa wote, na kufungua njia ya mkojo nyuma ya korodani. Huyo atakojoa akichuchumaa. Ni vigumu, hatutadanganya. Lakini yuko hai, anakula na watoto wake.

Halafu matezi ya kinena. Yakivimba, inaweza kuwa ni kwa sababu kidonda kimeoza, si lazima iwe kansa. Zamani mgonjwa alipewa dawa za vijidudu na kuambiwa asubiri wiki sita. Siku hizi wataalamu hawapendi kusubiri huko. Wanayapima mara moja kwa sindano. Hata pale ambapo mkono hauhisi kitu, karibu mgonjwa mmoja kati ya watano ana ugonjwa uliojificha mle, ndiyo maana wenye kansa iliyozama hupasuliwa kinena pia. Upasuaji huo unaweza kuacha mguu ukivimba na kidonda kikachelewa kufunga. Mgonjwa aambiwe mapema, ajitayarishe.

Kwa waliochelewa kuna dawa nzito za mishipani, na kuna tiba ya mionzi. Lusaka kuna hospitali ya kansa ya serikali tangu 2007, na wengine wetu tunaijua njia ya Kasumbalesa kuliko njia ya kijiji chetu. Lakini safari hiyo ni pasi, ni pesa, ni kulala wiki nyingi ugenini. Kidonda kidogo hakihitaji Lusaka. Kinahitaji mpasuaji, na kipande cha kupeleka Lubumbashi.

Baada ya kupasuliwa mtu arudi kuonyeshwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili, halafu kila miezi sita mpaka mwaka wa tano. Ugonjwa ukirudi, mara nyingi hurudi katika ile miaka miwili ya kwanza, na ukikamatwa mapema unatibika tena.

Yule wa pili

Baada ya kilio, kijana mmoja wa chama alikuja usiku kwa mwanakamati. Alisimama mlangoni, akasema, "Mimi pia niko na kitu." Hakusema zaidi. Ile tunaita nsoni ilikuwa imemfunga mdomo. Alikuwa nacho wiki tano. Tulimsindikiza watu wawili. Kipande kikakatwa, kikapelekwa Lubumbashi, jibu likarudi: ni kansa, bado ndogo. Wakamtahiri na kuondoa sehemu ndogo ya kichwa. Leo anafanya kazi. Bado anaogopa kila siku ya kurudi kupimwa, na tunaenda naye.

Pesa za kipande kile tulichanga sisi wenyewe, mfukoni, kwa sababu kanuni ya mfuko wetu inasema pesa hutoka kwa kifo, kuzaa na arusi. Ugonjwa haumo.

Tunachoomba

Wandugu, tunaomba mambo matatu.

La kwanza, mkutano ukubali kubadili kanuni. Katika kila franka 10 zinazoingia kwenye mfuko wa kilio, franka 2 ziwekwe upande kwa kipimo na safari ya mgonjwa. Si kwa ugonjwa huu peke yake. Kansa ya titi na ya mlango wa kizazi za bamama ziingie humo pia. Kwa wafadhili tunasema: musitutumie dawa tusizozijua. Tusaidieni kulipa hadubini, barabara na siku za mpasuaji. Kila mwaka tutaandika katika karatasi hii tumepokea nini na tumetumia nini, bila majina ya wagonjwa.

La pili, wachaguliwe mwanaume mmoja na mwanamke mmoja, watu wenye mdomo mzito, ambao mtu anaweza kuwaendea usiku. Wao si waganga. Kazi yao ni kumsindikiza mtu na kukaa naye kwenye benchi. Bamama, mara nyingi ninyi ndio mnaona kwanza. Musinyamaze kwa kuogopa ugomvi.

La tatu, wazazi wenye vijana waliozaliwa upande ule na hawajatahiriwa waje tuandike, tuwapeleke pamoja, ili hakuna kijana atakayejiona peke yake. Wenye mukanda waendelee na mukanda wao, mafundisho na ngoma ni yao. Tunaomba tu kwamba wembe ushikwe na mtu aliyefundishwa, na kila mtoto na wembe wake.

Na wewe mwanaume unayesikiliza, iwe ulitahiriwa au hapana: siku ya kuoga, osha kwa maji na sabuni, uangalie. Wale wanaolala wiki nzima kwenye mashimo ya kobalti, tunajua maji ni shida. Hata kopo moja linatosha kwa sehemu ile.

Mjane wa ndugu yetu alituambia neno moja tulipokwenda kumwomba ruhusa. Alisema, "Angeniambia tu. Ningemubeba hata mu mugongo." Hatuna maneno ya kuongeza juu ya hayo.

Kura ya kanuni tutaipiga sasa. Baada ya hapo wanakamati watabaki hapa mpaka jioni, mwanaume upande huu, mwanamke upande ule. Mwenye neno aje.